Brashi Ndogo Haitaki Haraka



Mithali yasema, "Mchagua jembe si mkulima." Mimi nimelima migomba ya baba yangu tangu utoto, wala siikatai mithali hiyo. Mkulima wa kweli hulishika jembe alilopewa, akalima. Lakini leo nataka kuwaeleza habari za chombo kimoja ambacho asiyekichagua huiharibu kazi, hata kama mkono wake ni mwema namna gani. Chombo chenyewe ni brashi, tena brashi ndogo, ile ya kuchorea picha ndogo na kupakia rangi sanamu ndogo.

Sababu ya kuandika ni hii. Juma lililopita baba mmoja alifika ofisini kwangu kuandikisha ubatizo wa mwanawe mdogo. Tulipokwisha kuandika kitabuni, akatoa mfukoni karatasi iliyokunjwa, akaniwekea mezani. Ilikuwa picha ya ng'ombe wa pembe ndefu, mwenye ukubwa wa kisanduku cha kiberiti, aliyechorwa na binti yake wa darasa la sita kwa kijiti kilichotafunwa ncha. Miguu ilikuwa minene kupita kiasi, lakini jicho la yule ng'ombe lilikuwa jicho la ng'ombe kweli.

Yule baba akaniambia, "Karani, wewe umesomea ualimu. Mtoto huyu ananiomba fedha ya brashi. Je, ni upuuzi, au nimnunulie? Na nikinunua, ninunue ipi?"

Nikamwambia kwamba jibu lake nitaliandika gazetini, maana wako wazazi wengi wenye mtoto wa namna hiyo. Tena mimi mwenyewe nilikwisha kulipia somo hili kwa aibu.

KOSA LANGU MWENYEWE

Hapa kwetu tuna sanamu za pango la Noeli. Ni za plasta, na iliyo ndefu kuliko zote haipiti shibiri moja. Ni za siku nyingi. Unyevu na panya vilikuwa vimezichosha, nyuso zikafifia. Majuma mawili kabla ya Noeli ya mwaka juzi Padre aliniagiza nizipake rangi upya. Nilikubali upesi, kwa kuwa chuoni tulifundishwa kuchora, nami nilidhani kuchora ni kuchora tu.

Nikaenda dukani. Nikaona pakiti ya brashi kumi na mbili kwa bei ya chini kuliko brashi moja iliyokuwa kando yake. Nikajiona mwerevu sana. Nikachukua ile pakiti pamoja na makopo madogo ya rangi ya mafuta, nikarudi nyumbani.

Wachungaji na punda walipakika bila taabu kubwa. Lakini nilipofika kwenye uso wa Mtoto Yesu, ambao si mkubwa kuliko tunda la kahawa, mambo yaliharibika. Brashi ilijigawa ncha mbili, kila mstari ukatoka miwili. Unywele mmoja ukang'oka ukanata shavuni. Nikajaribu kuuondoa kwa ukucha, nikalivuruga jicho. Nikachukua kitambaa chenye mafuta ya taa nifute kosa langu, nikafuta na rangi ya zamani iliyokuwa chini yake, kazi ya mtu ambaye alikuwa fundi kuliko mimi. Mwishowe Mtoto akawa na jicho moja kubwa na jingine dogo, yote mawili yakitazama pua. Siku ya Noeli ikafika, nasi hatukuwa na sanamu nyingine.

Watoto walicheka. Hilo nililitazamia. Lakini alikuwapo bibi mmoja mzee sana ambaye alikuwa akipiga magoti mbele ya sanamu zile tangu alipokuwa msichana. Alikaa mbele ya hori kwa muda mrefu. Kisha akaja akanishika mkono, akaniuliza bila hasira yo yote, "Mjukuu wangu, huyu mtoto mmemtoa wapi? Yule wetu yuko wapi?"

Sikuwa na jibu.

Baada ya Pasaka niliifunga sanamu ile katika kitambaa, nikapanda gari kwenda kwa fundi mmoja mzee aandikaye mabango ya maduka na majina ya magari. Hakuitazama sanamu kwanza. Aliomba kuona brashi. Akazipitisha vidoleni moja moja, kisha akasema, "Mwalimu, mkono wako hauna kosa. Brashi hizi zilikufa kabla hujazinunua. Na ile moja iliyokuwa hai umeiua mwenyewe."

Basi haya niyaandikayo leo mengi ni mafundisho yake. Mengine nimeyasoma vitabuni na kuyajaribu kwa mkono wangu.

KAZI YA ZAMANI, TENA YA HESHIMA

Pengine msomaji atasema, "Picha ndogo ni mchezo wa watoto." Sivyo. Kabla ya mashine ya kupiga chapa, wamonaki wa Ulaya walinakili vitabu kwa mkono, wakazipamba kurasa kwa rangi. Herufi za kwanza walizitia rangi nyekundu itokanayo na madini ya risasi, ambayo kwa Kilatini iliitwa minium. Katika neno hilo ndimo lilimotoka jina la picha ndogo katika lugha nyingi za Ulaya. Watu hudhani jina lile lina maana ya udogo, kumbe asili yake ni ule wekundu.

Huko Bara Hindi nako, katika majumba ya wafalme wa Kimughali, mafundi walichora picha za vita, bustani na ndege katika kipande cha karatasi kisichozidi ukurasa wa kitabu. Brashi zao walizitengeneza kwa nywele za mkia wa kindi zilizotiwa katika bua la unyoya wa ndege. Ncha ya brashi iliyo nyembamba kuliko zote iliweza kuishia katika unywele mmoja.

Wala tusiende mbali. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa wilaya ya Tunduru, alianza kuchora mjini Dar es Salaam mwaka 1968. Hakuwa na rangi za gharama. Alitumia rangi ya mafuta ya namna ile ipakwayo baiskeli, akaipaka juu ya vipande vya mraba vya ubao wa kugandamizwa. Alifariki mwaka 1972, lakini ndugu na wanafunzi wake waliendeleza kazi, na hata leo karakana yao ipo Oyster Bay, ambako wamefanya chama cha ushirika. Picha zao nyingi ni ndogo, kwa kuwa mgeni hununua kitu kiingiacho katika sanduku lake. Tazama chui wao: madoa yake yote ni kazi ya ncha ya brashi. Familia nyingi zimepata chakula na karo ya shule kwa ncha hiyo. Basi mzazi asiseme ni upuuzi.

KUICHAGUA BRASHI

Brashi ina sehemu tatu. Kuna nywele, kuna mpini, na katikati ipo pete ya bati izishikayo nywele kwenye mpini. Ukienda dukani, zitazame zote tatu.

Kwanza nywele. Zilizo bora kwa kazi ndogo ya rangi za maji hutoka katika mkia wa mnyama wa jamii ya kicheche aishiye Siberia na nchi za jirani zenye baridi. Brashi hizo ni ghali sana, wala sikushauri uanze nazo. Ziko za nywele za kindi, laini mno, zinyonyazo maji vizuri lakini hazina nguvu ya kurudi zikipinda. Ziko za nguruwe, ngumu, zifaazo rangi nzito na kuta, si uso wa sanamu. Na nyingine huandikwa kwamba ni nywele za ngamia. Usidanganyike: ndani yake hamna ngamia hata kidogo. Ni nywele za kindi, mbuzi au farasi, wala jina hilo halikuhakikishii ubora wo wote.

Siku hizi ziko brashi za nailoni. Zile za hovyo ndizo zilizonitia mimi aibu, lakini nailoni njema ni rafiki wa maskini. Haziliwi na nondo, hustahimili rangi ya akriliki ambayo huchakaza nywele za mnyama, na bei yake ni nafuu. Ubaya wake ni kwamba baada ya muda ncha hupinda kama ndoana.

Pili, pete. Itazame kama imeshikwa imara, haichezi wala haina ufa. Shika nywele kwa vidole viwili, uvute polepole. Zikitoka mbili tatu, rudisha brashi mahali pake. Zitakazobaki zitatoka siku ukiwa unachora jicho.

Tatu, mpini. Kwa kazi ndogo mpini mfupi wafaa, maana huishika brashi kama kalamu, karibu na macho. Uwe umenyoka. Uzungushe vidoleni, ukiona ncha inayumba, mpini umepinda.

Sasa lifuatalo ndilo kubwa kuliko yote. Brashi mpya huwa na ncha kali kama sindano kwa sababu kiwandani hutiwa gundi kidogo ili zisiharibike njiani. Ncha hiyo si ushahidi wa kitu. Mwombe mwenye duka maji katika kifuniko cha chupa. Chovya brashi, uikoroge mpaka gundi itoke, kisha uikung'ute mara moja kwa nguvu. Brashi njema hujikusanya yenyewe ikawa na ncha moja. Brashi mbaya hubaki imetanuka kama mkia wa kuku. Mwenye duka akikataa kukupa maji, nenda duka la pili.

Na namba je? Brashi huandikwa namba mpinini. Namba kubwa ni brashi nene. Chini ya 1 kuna 0, kisha 00, kisha 000, na kadiri sifuri zinavyoongezeka ndivyo brashi inavyozidi kuwa nyembamba. Namba hizo hazilingani katika viwanda vyote, basi amini jicho lako.

Mwanafunzi hudhani kwamba kitu kidogo chataka brashi iliyo ndogo kuliko zote. Mimi nami nilidhani hivyo. Fundi alinicheka. Brashi ya sifuri tatu hubeba rangi kidogo mno, nayo hukauka kabla hujafika kwenye kazi. Hapo mtu hukandamiza, na akikandamiza ncha hufa. Yafaa zaidi namba 1 au 2 yenye tumbo la kubeba rangi na ncha kali. Mstari mwembamba hutoka kwenye ncha, si kwenye wembamba wa brashi. Naye fundi akalichora jicho la Mtoto mbele yangu kwa brashi ambayo mimi nisingethubutu kuisogeza karibu na uso ule.

KUITUMIA

Kama unachora kwa rangi ya maji na ya mafuta, uwe na brashi mbalimbali kwa kila moja, usizichanganye. Na brashi ya kukorogea rangi iwe nyingine kabisa, iliyozeeka. Kukoroga ni kazi ya punda, usimpe farasi.

Ukichovya, rangi isipite nusu ya nywele. Hii ndiyo sheria niliyoivunja mimi, na ndiyo maana fundi alisema nimeua brashi iliyokuwa hai. Rangi ikiingia ndani ya pete hukauka mle, ikazisukuma nywele kando. Tangu siku hiyo brashi hufunguka kama mwavuli, wala hairudi tena. Ukiona rangi imepanda juu, acha kazi, osha, uanze upya.

Vuta brashi, usiisukume. Usichome chome nayo. Na kila baada ya muda mfupi isafishe hata kama bado unatumia rangi ile ile, maana rangi huanza kukauka katika nywele wakati wewe unaifikiria kazi.

Jambo jingine, nawaomba wazazi mlisome mara mbili. Watu wengi huilamba brashi ili kuichongoa ncha. Msiwaruhusu watoto. Rangi za mafuta za zamani zina risasi, na hata katika rangi mpya imepata kuonekana. Risasi humdhuru mtoto ubongoni.

Nitawapa mfano wa kweli. Katika mji wa Orange, jimbo la New Jersey, Marekani, kuanzia mwaka 1917 wasichana waliajiriwa kupaka namba za saa rangi ing'aayo gizani. Namba zile ni ndogo sana, na brashi ilipoteza ncha upesi. Wakafundishwa kuichongoa kwa midomo yao. Rangi ile ilikuwa na radiamu. Baada ya miaka kadhaa meno yalianza kung'oka, mifupa ya taya ikaoza, na wengi walikufa wakiwa vijana. Watano wagonjwa walikwenda mahakamani mwaka 1927, na mwaka 1928 shauri likamalizwa kwa mapatano. Kisa chao kiliwafumbua macho wengi juu ya haki ya mfanyakazi. Lakini tazameni jinsi kilivyoanza: kwa kulamba brashi. Ncha ichongolewe kwa vidole na maji safi, basi.

KUIOSHA

Ukimaliza kazi ya rangi ya maji, osha papo hapo. Usiseme nitaosha baada ya chakula. Chukua maji ya baridi au ya uvuguvugu mdogo, kamwe yasiwe ya moto, kwa kuwa moto hulegeza gundi iliyo ndani ya pete. Suuza mpaka maji yawe meupe. Kisha sugua sabuni ya mche katika kiganja, uizungushe brashi juu yake taratibu. Povu litatoka na rangi. Suuza, rudia, mpaka povu litoke jeupe. Wengi huacha mara ya kwanza, na rangi iliyobaki karibu na pete ndiyo huua brashi kidogo kidogo.

Kwa rangi ya mafuta, kwanza futa brashi kwa kitambaa kikuukuu, ukivuta kuelekea kwenye ncha. Kisha suuza katika mafuta ya taa au tapentaini kidogo ndani ya kopo. Futa tena, suuza mara ya pili katika mafuta safi, futa. Mwisho osha kwa sabuni kama nilivyoeleza. Mafuta machafu usiyamwage. Yaache katika kopo lililofunikwa siku mbili tatu. Rangi itazama chini, nawe utapata mafuta ya juu ya kutumia mara nyingine. Usiyamwage kamwe karibu na kisima au kijito.

Tena nasema: mafuta ya taa yasiwekwe katika chupa ya soda. Mtoto hajui tofauti. Aonapo chupa ya soda hunywa. Na kazi hii isifanywe karibu na mafiga.

Brashi ikisha kuwa safi, kung'uta maji, chongoa ncha kwa vidole, uilaze chali juu ya kitambaa mpaka ikauke. Usiisimamishe ikiwa imelowa, maana maji hushuka yakaingia katika pete, mpini ukavimba na kupasuka. Wala usiisimamishe koponi kwa kichwa chini. Brashi iliyolala usiku mmoja juu ya ncha yake huamka imepinda shingo.

KUIHIFADHI

Brashi kavu yaweza kusimama katika kopo, ncha juu. Lakini za nywele za mnyama zina adui wengi: nondo, mende, panya. Zifunge katika kitambaa safi, uziweke katika kopo lenye kifuniko, baada ya kuhakikisha zimekauka kabisa. Unyevu ukifungiwa ndani huleta ukungu.

Taabu hii si mpya. Mchoraji wa Kiitalia jina lake Cennino Cennini, aliyeandika kitabu cha ufundi wa rangi karibu na mwaka 1400, alifundisha jinsi ya kuzikinga nywele za kindi na nondo: zipakwe udongo wa mfinyanzi au chokaa laini, zitundikwe, na siku ya kuzihitaji zioshwe. Miaka zaidi ya mia sita imepita, na nondo bado ni yule yule.

Kwa brashi za rangi ya mafuta, fundi wangu ana desturi nyingine. Akisha kuziosha huzipaka tone la mafuta ya cherehani, akachongoa ncha, akazilaza katika kisanduku. Kabla ya kuzitumia tena huziosha kwa mafuta ya taa. Nimeona brashi zake za miaka mingi, na ncha bado ni ncha.

ASIYE NA FEDHA AFANYEJE?

Sasa nawageukia wale wasemao, "Karani, haya ni ya wenye fedha." Hapana. Sikilizeni.

Ng'ombe achinjwapo, tazama ndani ya masikio yake. Mna nywele ndefu kiasi, laini, zenye nguvu. Hata viwanda vya ng'ambo hutumia nywele za masikio ya ng'ombe kutengenezea brashi za waandika mabango. Sisi watu wa Karagwe tunao ng'ombe, lakini masikio huwatupia mbwa!

Kata nywele karibu na ngozi. Zioshe kwa sabuni, zikauke. Zichane kwa kitana ili manyoya mafupi yatoke. Zipange ncha zote upande mmoja, ukizigonga polepole ndani ya kifuniko cha kalamu mpaka ncha zilingane. Chukua kifungu kisichozidi unene wa kijiti cha kiberiti, kifunge shinani kwa uzi imara mara mbili. Chukua unyoya mkubwa wa bata au wa bata mzinga, kata kipande cha bua lake, ukiloweke majini mpaka kilainike. Ingiza kifungu kwa upande mpana, ncha zitangulie, ukivute mpaka kitokeze upande mwembamba. Bua likikauka litakaza lenyewe. Chomeka kijiti kiwe mpini.

Jambo moja usilifanye: usikate ncha kwa mkasi ili zilingane. Unywele wa mnyama umejichongoa wenyewe tangu kuota kwake. Ukiukata, umeutia butu, wala hakuna fundi awezaye kuurudisha.

Brashi yangu ya kwanza ya namna hii ilikuwa mbaya. Ya tatu ilifaa. Ya tano naitumia kuandika vibandiko vya vitabu vya ofisi.

NENO LA MWISHO KWA YULE BABA

Basi, ndugu yangu uliyeniletea picha ya ng'ombe, jibu langu ni hili. Mnunulie. Usimnunulie kumi na mbili. Mnunulie moja, namba 2, iliyopita mtihani wa maji, na umwoneshe ulivyoipima, ili ajue kwamba imechaguliwa. Mfundishe kuiosha kabla ya kula. Mtoto atunzaye brashi moja kwa mwaka mzima amejifunza jambo litakalomfaa hata akiwa mkulima, muuguzi au karani. Na siku utakapochinja, mwachie masikio.

Ile sanamu tuliitengeneza polepole, fundi na mimi. Nilimwendea mara nne. Rangi yangu yote tuliikwangua, akaanza upya uso, mimi nikapaka nguo na majani ya hori chini ya jicho lake. Tulimaliza mwezi wa Agosti. Noeli iliyopita Mtoto alilala mahali pake, na macho yake mawili yalimtazama kila aliyeinama.

Yule bibi hakumwona. Alizikwa mwezi wa Julai, majuma machache kabla hatujamaliza. Niliandika jina lake katika kitabu cha marehemu kwa kalamu ya wino, herufi moja moja, bila haraka.

Mwambie binti yako aniletee ng'ombe wake wa pili nimwone. Kwaherini mpaka juma lijalo.